Kopo Moja kwa Namba Thelathini na Moja

Bihambwe, tarehe 4 Machi 2024

Binti yangu Emérita,

Bwana aliyekulinda tangu ulipokuwa ukibebwa mgongoni akulinde na huko Walikale uliko. Sisi tungali hai. Mama yako mukubwa Adelaïde anakusalimu. Goti lake la kushoto linamzuia kupiga magoti wakati wa Misa, na jambo hilo linamuumiza kuliko goti lenyewe. Maharagi ya msimu huu tumevuna nusu, kwa sababu mashamba ya upande wa juu hatuyafikii tena. Ng'ombe tuliyemweka Mushaki amezaa. Mume wako Yves yu hali gani? Katika barua yako ya Noeli hukumtaja.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa mnara wa simu umeungua. Barua hii inabebwa na Colette, yule mama mwenye kuuza jibini. Ameikunja ndani ya majani anayofungia jibini zake, na amesema atakayeitafuta humo lazima kwanza awe na njaa.

Sasa nilitaje jambo lenyewe. Tarehe 11 mwezi uliopita wenye silaha wapya waliingia Bihambwe, na siku hiyo kituo cha afya kiliteketea. Muuguzi Sébastien aliokoa mizani ya watoto na sanduku la dawa. Kabati ya chuma haikuokoka, na ndani yake ilikuwamo orodha yako: majina ya Wakristo thelathini na saba wa parokia hii waliotoa damu kwa ajili ya utafiti wenu wa ukimwi, na namba ya kila mmoja. Sébastien alilia kama mtu aliyefiwa. Alisema kwamba huko kwenu damu ina namba tu, haina jina, na kwamba sasa hakuna tena mtu duniani anayejua namba ipi ni ya nani.

Usisikitike, binti yangu. Mimi najua.

Siku ile ulipokuja na sindano zako, niliketi karibu na meza kama shahidi, maana watu walisema hawatanyosha mkono nisipokuwapo. Nilisikia kila namba ikitajwa. Jioni nilifungua kitabu cha ubatizo, na pembeni mwa kila jina nikaandika namba yake kwa kalamu ya risasi, mahali pale tunapoandika kipaimara na ndoa. Sikuona neno baya. Kila jambo kubwa linalomshika Mkristo hapa kwetu huandikwa mahali hapo, hata kifo chake. Padri amehamia Masisi mjini, na kitabu ameniachia mimi katekista wake; kiko chumbani mwangu.

Niambie kama nimetenda vema.

Baba yako mukubwa,
Straton


Walikale, tarehe 2 Aprili 2024

Baba Mukubwa mpendwa,

Pasaka njema kwako na kwa Mama Mukubwa. Jibini imefika ikiwa na harufu ya nyumbani. Niliifunga tena upesi ili nisilie mbele ya watu. Hapa mvua hainyamazi. Mwambie Mama Mukubwa aweke maji ya moto kwenye goti asubuhi, si jioni.

Unaniuliza kama umetenda vema. Baba Mukubwa, hapana. Niliwaapia watu wale kwamba majina yao hayatakaa pamoja na namba zao mahali popote isipokuwa katika kabati ile iliyofungwa. Kitabu cha ubatizo hufunguliwa na kila anayetaka cheti. Chukua gome, ule mpira wa kufutia, uzifute zote.

Lakini kabla ya kuzifuta, nisomee moja. Naona haya kukuambia maneno hayo mawili katika barua moja, na sina njia nyingine.

Unakumbuka nilivyowaeleza kazi ya kituo chetu. Damu tunayopokea tunaigawa katika chupa ndogo, tunaiweka katika frigo ya barafu kali, na wataalamu wa miji mbalimbali wanaichunguza kwa pamoja, ili mtu achomwe mara moja tu na wengi wajifunze. Wanachokiona kikihusu uhai wa mtu, wanaturudishia, nasi tunamsaidia muuguzi wake. Mwezi uliopita wameturudishia habari moja kutoka Bihambwe. Ni ya namba 31.

Dawa anayokunywa namba 31 haikamati tena. Anaimeza kila siku, na ugonjwa unapanda kana kwamba anameza maji. Inampasa kubadilishiwa, apewe dawa ya namna ya pili. Akichelewa kupita mwezi wa tisa, sitaki kuandika kitakachofuata. Tena kituo chetu kinafungwa tarehe 30 Septemba. Waliokuwa wakitutegemeza wamesimamisha msaada wao.

Ni nani? Umlete kwangu, au unipe jina nimtafute.

Binti yako,
Emérita


Bihambwe, tarehe 26 Mei 2024, Dominika ya Utatu

Binti yangu Emérita,

Neema na utulivu viwe nawe. Colette alikwama Nyabiondo siku kumi na moja, njia ikiwa imefungwa, na jibini alizotoka nazo aliwalisha waliofunga njia. Barua yako aliificha katika nywele. Mama yako mukubwa ametii habari ya maji ya asubuhi na anasema u daktari. Wajukuu wa jirani wamepata surua, mmoja tumemzika. Kuhusu Yves bado husemi kitu. Nami naendelea kuuliza.

Nimefungua kitabu. Namba 31 ni mwanamke. Nilimfundisha katekisimu nilipokuwa bado na meno yote, na alikuwa mtoto aliyeuliza maswali ambayo padri mwenyewe aliyakimbia. Jina lake sitaliandika. Si kwamba sikuamini wewe, siiamini njia.

Mwezi wa kwanza, kabla wenzake hawajauingia mji wote, yule anayewaongoza wenye silaha alimwona kwenye kisima. Alimchukua bila ng'ombe, bila padri, bila kumuuliza baba yake. Wanakaa kilimani, katika nyumba iliyokuwa ya daktari wa ng'ombe. Mwanaume huyo hajui kwamba mkewe ana ugonjwa. Sébastien humpa mwanamke dawa siku ya soko, naye huificha katika mfuko wa unga.

Leo baada ya ibada nilimwita nyuma ya sakristia, nikajifanya ninamuuliza habari za kwaya. Nilimweleza yote uliyoniandikia.

«Papa Katekiste,» akasema, «ile dawa mupya iko na harufu?»

«Kwa nini unauliza harufu?»

«Juu yeye ananusa kila kintu. Akinusa dawa kwangu, haitakuwa maneno ya kupigwa tu. Ataniua. Aliniambia siku moja, akicheka, kama bibi anamuletea bugonjwa, anamuzika na viatu vyake.»

«Twende Walikale. Nitakupeleka mimi mwenyewe.»

Akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto. «Papa, nikienda kuteka maji, askari wawili wananifuata. Wewe na ile fimbo yako, utanipitisha wapi?» Kisha akaweka mkono juu ya tumbo, na sikuhitaji kuuliza. Ana miezi mitatu.

Kwa hiyo hawezi kuja, nami sitamtaja. Tuma dawa kwa namba yake. Nitaiweka mikononi mwake mimi mwenyewe, na kwa hilo nitahukumiwa mbele za Mungu kama nitashindwa.

Namba za kitabu bado sijazifuta. Wazee wa parokia wamekataa gome liguse kitabu kile pasipo padri, na padri haji. Nasubiri.

Straton


Walikale, tarehe 30 Juni 2024

Baba Mukubwa,

Nawasalimu kwa upendo, na pole kwa mtoto wa jirani. Mimi nina afya. Nalala labo, katika maabara yetu, karibu na frigo, kwa sababu mafuta ya mashine ni kidogo na yakikatika inanipasa kuamka kabla barafu haijaanza kulia. Ninayo damu ya watu mia sita humu ndani. Tuliobaki kuilinda ni mimi na mlinzi.

Umeniuliza mara mbili habari ya Yves, nami nimenyamaza. Aliondoka na gari la mwisho la kituo mwezi wa kwanza. Alitaka niondoke naye. Tuliagana kwa maneno ambayo sitayaandika katika barua unayosoma wewe. Usiniulize tena, Baba Mukubwa, mpaka nitakapoanza mimi.

Sheria inanikataza kutoa dawa kwa mtu asiye na jina ambaye sijamwona. Nimeitoa. Kopo linalokuja na Colette lina vidonge mia na makumi nane. Ni viwili kila jioni, pamoja na chakula, siku tisini. Havina harufu, nimevinusa mwenyewe kwa ajili yake. Havitamdhuru mtoto, na akivimeza vema vitamlinda mtoto pia. Aache kabisa dawa ya zamani.

Ni kopo moja tu. Lingine sina. Ninaomba kila upande, na nikipata nitalituma hata kama nitalibeba kichwani.

Akijifungua kabla ya kopo kwisha, Sébastien atajua la kumfanyia mtoto. Nimemwandikia karatasi yake peke yake.

Zifute zile namba. Nakusihi.

Emérita


Bihambwe, tarehe 25 Agosti 2024

Binti yangu mpendwa,

Ashukuriwe Mungu anayewafikisha wasafiri. Kopo lako lilifika tarehe 16 mwezi huu, ndani ya tumbo la jibini iliyochimbwa katikati na kuzibwa tena. Colette amedhoofu sana kwa safari hii, lakini anajisifu kwamba askari aliipima jibini hiyo mkononi akasema ni nyepesi, naye akamjibu kuwa hata ng'ombe siku hizi wanakimbia vita. Kuhusu mume wako nimesikia, na ninanyamaza kama ulivyoniomba. Mama yako mukubwa anawaombea wote wawili.

Sasa soma polepole, maana yametokea mengi, na mwisho wake ni mwema kuliko mwanzo.

Mwezi wa saba, nilipokuwa Mushaki kwa ajili ya ng'ombe, askari waliingia nyumbani wakachukua kitabu cha ubatizo. Walimwambia Adelaïde mukubwa wao anataka kujua watu wa hapa. Sikukuandikia, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukuandikia. Kila siku nilingoja aitwe mtu wa kwanza kati ya thelathini na saba. Hakuna aliyeitwa. Kungoja huko kulinizeesha.

Tarehe 19 ya mwezi huu niliitwa mimi kilimani. Nilikuwa na kopo chini ya koti, kwa kuwa nilitumaini kumkuta 31 jikoni. Mwenye nyumba alikuwa ameketi mezani, kitabu kikiwa wazi mbele yake. Ni mtu mrefu, macho yake yameingia ndani. Mkewe alisimama mlangoni na sinia ya viazi.

«Papa Katekiste, ikala,» akasema, akinionyesha kiti. «Unaogopa? Miye silye watu.» Askari wake wakacheka. Aliwafukuza nje wote kwa kidole kimoja, akafunga mlango. Kisha akaweka kidole juu ya ukurasa. «Hapa ni jina ya bibi yangu. Pembeni iko makumi tatu na moja. Hii manamba ni ya nini?»

Nilianza kusema kuwa ni mambo ya parokia. Akanikata.

«Usidanganye, uko mutu wa Mungu. Sébastien yule, nilimuona anapatia watu makopo siku ya soko. Wale wote anapatia, niliwatafuta humu, na wote wako na namba. Miye si mujinga.» Akashusha sauti hata nikainama ili nimsikie. «Nilikunywa ile dawa myaka sita, kule nilikuwa mbele ya kuja. Nilikuja nayo huku, nikiificha askari wasione. Iliniishia mwezi wa ine. Mbona watu wa Bihambwe wako na namba, na miye sina?»

Sinia ilianguka mlangoni. Emérita, mwanaume na mwanamke hawa walikuwa wamelala chini ya blanketi moja miezi minane, kila mmoja akimficha mwenzake ugonjwa uleule. Mwanaume alimgeukia mkewe, na nikafikiri nitamwona mwanamke akifa mbele yangu. Hakusimama. Alisema tu, «Kumbe,» akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha yoyote. «Kumbe na wewe.»

Kisha akauliza dawa ya mkewe iko wapi. 31 akasema inamalizika na haikamati tena. «Na ile mupya?» Nilijishika koti kifuani, naye akaelewa kutokana na mkono wangu, maana ameishi kwa kuwasoma watu wanaoogopa. Akanyosha mkono. Nikatoa kopo.

Alitaka kulichukua lote. Hapo Roho Mtakatifu alinipa ujasiri ambao sikuujua. Nilisimama nikamwambia kwamba kopo hilo limetumwa kwa mwanamke mwenye mimba, na kwamba mimba hiyo ni yake, na akilichukua lote atamzika mtoto wake kwa mkono wake. Bastola ilikuwa mezani karibu na chumvi.

Nilimwambia: «Vidonge ni viwili kila jioni. Mugawane. Kimoja chako, kimoja chake.»

Kisha akasema, «Wewe ungefaa kuwa juji wa kukata kesi.» Hakutaka kuvishika vidonge, alisema kopo atunze mwanamke, na kila jioni ampe chake pamoja na chakula, askari wasione. Kitabu amenirudishia. Nimezifuta namba zote usiku uleule, wazee wapende wasipende.

Hivyo nilikwenda kumwombea mmoja, nami nimewapatia wawili. Nimetoa shukrani kwa machozi. Tafuta kopo la pili bila haraka sana. Wana amani sasa.

Straton


Walikale, tarehe 17 Septemba 2024

Baba Mukubwa,

Nisamehe kwamba sisalimu kama inavyostahili. Colette anangoja barabarani na pikipiki inawaka.

Wasigawane. Yakufikie maneno haya kabla ya mengine yote. Nusu ya dawa hii si msaada nusu. Ugonjwa ukipewa nusu unajifunza dawa, unaizoea, na baada ya hapo hata dozi nzima haiwezi kitu. Wakigawana mpaka mwisho wa kopo, nitakuwa nimewaua wote wawili na mtoto wao, na hakuna dawa ya namna ya tatu upande huu wa nchi.

Kosa ni langu. Niliandika siku, saa na chakula. Sikuandika kwamba dawa isigawanywe, kwa kuwa haikunijia kwamba mtu angeweza kugawa. Ningalikumbuka umenilea wewe, ningaliandika.

Vilivyobaki ameze mmoja, vyote viwili kila jioni. Awe 31, kwa sababu ya mtoto. Sijui utamwambia nini mwenye bunduki. Nakaa na swali hilo tangu jana na sina jibu la kukutumia.

Huyo mwanaume naye ni mgonjwa, nami nimeapa kumtibu kila mgonjwa. Mwambie ninamtafutia kopo lake. Ni kweli. Kituo kinafungwa tarehe 30, lakini sitaondoka mpaka damu ya watu ihamishwe, na mpaka nipate kopo hilo.

Nenda leo, Baba Mukubwa.

Emérita


Bihambwe, tarehe 7 Novemba 2024

Binti yangu,

Barua yako ilifika juzi Jumanne. Siku arobaini na tisa. Colette alikuwa amelala kwa malaria Masisi mjini, na hakumwamini mtu mwingine kuibeba. Usimlaumu. Mama yako mukubwa ni mzima. Sitaandika mengine ya nyumbani.

Niliisoma nimesimama. Kisha nilimtuma Adelaïde amwite 31 kwa kisingizio cha nguo za mtoto. Alifika akitembea kwa shida, mimba imeshuka, askari wake wawili wakabaki uani wakila miwa. Nilimwambia kila neno lako. Nilimwomba msamaha kama ninavyomwomba Mungu.

Hakulia. Alisema, «Papa, usijitese. Hatujagawana hata siku moja.»

Sikuelewa.

«Sébastien alinieleza mbele, wakati alinipatia dawa ya kwanza: kama unapunguza, inakufa. Siku ile ulisema tugawane, nilinyamaza juu ya bastola. Tangu mangaribi ile nakunywa zote mbili. Yeye namupatia zile nyekundu za kuongeza damu, zile Sébastien anapatia wanawake wa mimba. Anameza, anasema merci.»

Adelaïde aliacha kukunja nguo. Nikamuuliza 31 kama anajua anachokifanya. Akajibu, «Najua. Nilihesabu mutoto, nikahesabu miye, nikafika kwake nikakuta vidonge vimeisha.» Akaongeza: «Alinichukua kisimani, Papa. Hakuna mutu alikuja kunigawa siku ile.»

Nilimpa nguo za mtoto, akaenda.

Sasa elewa hali ilivyo. Yule mwanaume anakonda. Tangu mwezi wa kumi, kila Alhamisi amekuwa akishuka kwangu, anaketi kwenye benchi, anaweka kofia gotini na kuuliza: «Papa, ile dawa inakamata?» Wiki zile nilimjibu kwa moyo safi kwamba inakamata, awe na subira. Nilikuwa mjinga, na ujinga ule ulikuwa pumziko. Leo ni Alhamisi ya kwanza ambayo najua.

Hakushuka. Ametuma askari wawili. Wako uani nami nimewaambia namalizia sala. Ninaandika chumbani. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, amenionyesha kidonge chekundu kiganjani mwake. Alisema: «Mukubwa aliona bibi ya askari moja, wa mimba, anameza ya hivi. Anasema ukuje umuangalie kwa macho, umuambie kama njo yenyewe ile ya kopo, ao si yenyewe. Anasema wewe haudanganye.»

Kopo lina vidonge vya siku tisa. Mtoto anaweza kuzaliwa leo au baada ya wiki mbili.

Emérita, nimewafundisha watoto wa mlima huu amri ya nane mmoja mmoja, na wewe ukiwa mmoja wao, nikiwaambia kwamba hakuna uongo mdogo. Nitapanda nitamwambia mtu huyu anayekufa kwamba ndiyo, ni yenyewe. Atanishukuru. Ataendelea kumeza kitu kisichomsaidia, kwa kuwa mimi nimemwambia, na ataniamini mpaka pumzi ya mwisho. Sitajitetea kwako kwamba nafanya hivyo kwa ajili ya mtoto. Ninafanya kwa sababu nimeulizwa niseme nani afe, nami nimeshajibu.

Ikiwa kopo la pili limepatikana, lisikae kwako hata saa moja. Ni la yule mwanaume. Nataka aishi. Nataka siku moja aweze kunishtaki.

Sébastien ameingia kwa mlango wa jikoni, nampa karatasi hii. Adelaïde ananifunga vifungo vya koti. Wanabisha tena.

Straton